Moyo uliokufa ganzi si moyo wa jiwe

Juma hili tunawaletea neno zito kidogo. Tunaomba mlisome mkiwa mmekaa, na kama kuna mwenzenu asiyejua kusoma, msomeeni kwa sauti, kwa sababu huenda neno hili ni lake.

Tuanze kwa kuungama kosa letu.

Katika kikundi chetu kuna mama mmoja. Jina lake hatulitaji. Yeye mwenyewe alitupa ruhusa ya kuandika habari hii, baada ya kusomewa kila mstari. Mnakumbuka ile siku ya nne, tarehe 4 Mei 2023, mvua ilivyonyesha kule Kalehe, mito ikafurika, ikateremsha mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Binti wa mwenzetu, msichana wa miaka 14, alikuwa amekwenda sokoni kuuza ndizi pamoja na shangazi yake. Shangazi alipatikana, akazikwa. Binti hakupatikana.

Kwenye matanga mwenzetu hakulia. Alipika. Alihesabu sahani, akawatafutia wageni mikeka ya kulalia, akauliza nani hajapata chai. Sisi tuliokuwa pale tuligawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilinong'ona nyuma ya nyumba: "Huyu ana moyo wa jiwe. Mama gani asiyemlilia mtoto wake?" Fungu la pili lilimsifu: "Huyu ndiye mama wa nguvu. Muangalieni, hatikisiki." Mwaka uliofuata, tulipotafuta mtunza sanduku wa likilimba letu, tulimchagua yeye kwa sababu hiyo hiyo: hatikisiki. Alishika ufunguo, akaandika daftari, hakukosea hata franka moja.

Halafu siku moja ya posho, tulipomaliza kuhesabu pesa, alibaki amekaa mbele ya sanduku. Akasema hivi, bila kupandisha sauti: "Jana mtoto wangu mdogo aliangukia mbabula, akaungua mkono. Nilimwosha ule mkono kama ninavyoosha sahani. Mtoto analia, ananiangalia usoni, na mimi ndani sina kitu. Huruma hakuna, woga hakuna. Nikajiuliza, je, mimi bado ni mama?"

Tulinyamaza. Mmoja wetu akamwambia aombe sana. Mwingine akamwambia itapita, kila mtu ana mzigo wake. Yeye akafunga sanduku, akamkabidhi katibu ufunguo, akaenda. Juma lililofuata hakuja, wala lile lingine.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba mafungu yote mawili tulikosea siku ile ya matanga. Waliomwita jiwe walikosea. Na sisi tuliomwita mama wa nguvu tulikosea zaidi, kwa sababu sifa zetu zilimfunga mdomo. Nani atakubali kusema kwamba hasikii kitu, wakati kikundi kizima kinamshangilia kwa kutotikisika?

Tulikwenda kuuliza kwenye kituo cha afya, tukakaa pia na msaidizi wa kisaikolojia, yule ambaye wengi wetu tunamwita APS. Mengi tunayoandika hapa tumejifunza kwao, na mengine tumejifunza kwa kumsikiliza mwenzetu.

Ganzi ni kitu gani

Ukikaa chini unachambua maharagwe, mguu umeukunja muda mrefu, unapotaka kusimama unakuta umekufa ganzi. Unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya hausikii. Mguu haujafa. Umekandamizwa, basi.

Moyo nao unaweza kufa ganzi namna hiyo. Mtu anaona, anajua, anafanya kazi zake, lakini hisia hazifiki. Huzuni haifiki, na furaha haifiki vilevile. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalijui. Moyo ukifunga mlango ili uchungu usiingie, mlango huo huo ndio furaha ingepitia. Hakuna moyo unaoweza kuzuia huzuni peke yake.

Tofauti na huzuni ni hii: huzuni inauma, na mwenye kuumwa hulia, hulalamika, hutafuta dawa. Ganzi haiumi. Kwa hiyo mama mwenye ganzi haendi popote. Anakwenda kituo cha afya kusema nini? Kwamba hakuna panapouma?

Tofauti na uvumilivu ni hii: mvumilivu anausikia uzito, akaubeba. Mwenye ganzi anaubeba bila kuusikia. Kwa nje wote wawili wananyamaza na wote wawili wanapika. Ndiyo maana tunawachanganya.

Wamama wanavyoieleza

Tulipoanza kuzungumza jambo hili wazi katika kikundi, tulishangaa. Tulidhani ni mama mmoja. Kumbe walikuwa wengi, kila mmoja na maneno yake. Tunayaandika kama walivyoyasema, labda moja litakuwa la kwako.

"Watu wanaongea, na mimi ni kama niko ndani ya maji ya ziwa. Sauti ninazisikia kwa mbali."

"Ninakula kwa sababu saa ya kula imefika. Sombe, sambaza, bugali, vyote ni kitu kimoja mdomoni."

"Wenzangu wakicheka, nami ninacheka, kwa sababu najua huu ni wakati wa kucheka."

"Ninasali. Maneno yanatoka yote, hayapungui. Lakini ni kama ninataja vitu vya kununua sokoni."

"Bwana wangu akinigusa bega, ni kama amegusa kikwembe changu. Mimi mwenyewe siko pale."

"Natoka shambani, nafika nyumbani, sikumbuki nilipita njia gani."

"Nilipozaa mtoto wa nne walinipa nimshike. Nikasema asante. Nilikuwa nimeshika mtoto wa mtu mwingine."

Mama aliyesema neno hili la mwisho alisubiri miaka mitatu kulisema. Aliogopa kwamba tutamwona mchawi.

Kwa nini mwili unafanya hivyo

Mungu aliumba mwili na njia za kujikinga. Hatari ikija, mwili unachagua haraka kabla akili haijafikiri: kupigana au kukimbia. Lakini kuna hatari ambayo huwezi kupigana nayo wala kuikimbia. Maji yanakuja na mawe, na mtoto hayuko mkononi mwako. Mtu mwenye silaha amesimama mlangoni. Hapo mwili una njia ya tatu: unaganda na kuzima hisia. Hata mtu aliyeumia sana husema, "Wakati ule sikusikia kitu, nilianza kusikia baadaye." Ni mwili huo huo ulimsaidia apite.

Kwa hiyo ganzi ilikuja kama rafiki. Mama aliyekimbia vita na watoto watatu, mmoja mgongoni, wawili mkononi, asingefika kama angekuwa anasikia yote. Ganzi ilimvusha. Shida ni pale hatari inapokwisha na ganzi inakataa kuondoka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, ndivyo wazee walivyosema. Na mwili uliozoea kujifunga unajifunga hata mbele ya mtoto anayelia.

Kuna njia nyingine ambapo hapana tukio moja kubwa. Ni uchovu wa miaka. Kuhama, kurudi, kuhama tena. Deni la shule, mgonjwa nyumbani, bwana asiye na kazi, makala yanapanda bei, na kila asubuhi wewe ndiwe unayejibu kila swali. Moyo unapunguza sauti kidogo kidogo, mpaka siku moja hausikiki.

Uzazi nao ni njia. Baada ya kuzaa, mama anaweza kuingia katika ugonjwa wa huzuni ambao kwa wengine hauji na machozi, unakuja na utupu. Ni ugonjwa unaojulikana na una matibabu. Mama huyo hajakosa upendo. Upendo uko, umefunikwa.

Pombe pia. Wapo wanaokunywa kasiksi au kanyanga ili wasisikie. Inasaidia jioni moja, halafu inaongeza ganzi juu ya ganzi. Tena, dawa fulani za kutibu huzuni zinaweza kupunguza hisia kwa watu wengine. Kama unatumia dawa hizo na unaona hivyo, usiache peke yako. Rudi kwa aliyekupa, umweleze.

Tunaongeza neno moja kwa wanaosema ni laana, ni uchawi, au ni upungufu wa imani. Mguu uliokandamizwa haufi ganzi kwa sababu ya dhambi.

Watoto wanaona

Hapa tutasema polepole, kwa sababu hatutaki kumwongezea mama yeyote mzigo.

Mtoto mdogo hasomi maneno, anasoma uso. Katika miaka ya 1970, huko Marekani, mtafiti Edward Tronick aliwaomba wamama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, halafu kwa dakika chache tu wawaangalie bila kuonyesha chochote usoni. Watoto walijaribu kila njia kumrudisha mama: wakatabasamu, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele. Mama asipojibu, waligeuza uso, wakalia. Dakika chache tu.

Kwa hiyo, kama mtoto wako amezidi ukorofi, au amekuwa kimya kupita umri wake, labda anakutafuta. Lakini sikiliza pia upande wa pili. Mama akirudi, mtoto anampokea. Hakuna mama duniani anayeitika kila mara. Kinachomjenga mtoto ni kule kurudi, hata kama umechelewa.

Mwenzetu alifundishwa kufanya vitu vidogo hata bila kuvisikia moyoni. Kumpakata mtoto mdogo wakati wa kumlisha. Kumwambia kwa sauti anachofanya: "Sasa ninakuosha miguu, sasa ninakuvika shati." Kumwimbia wimbo ule ule kila jioni. Na kwa watoto wakubwa, kuwaambia ukweli kwa maneno machache: "Mama moyo wake umechoka. Si kosa lenu. Ninatafuta kupona." Mtoto asipoambiwa, anajijibu mwenyewe, na mara nyingi anajijibu kwamba kosa ni lake.

Na sisi wengine, bibi, shangazi, jirani, kazi yetu ni kumshika huyo mtoto, kumchezesha, kumrudisha akiwa ameshiba kicheko. Tufanye hivyo bila kumwambia mama yake, "Unaona wenzako wanavyofanya?"

Ganzi inapoanza kutoka

Baada ya majuma mawili tulimfuata mwenzetu nyumbani. Hatukwenda wengi, tulikwenda watatu. Tulimwomba msamaha kwa maneno yote mawili, la jiwe na la nguvu. Alituletea viti, akatusikiliza, akasema sawa. Uso wake haukubadilika. Tulirudi tumevunjika moyo, tukidhani kazi ni bure.

Sasa tunajua kwamba moyo haufunguki kwa sababu watu watatu wamekuja siku moja. Tuliendelea kwenda, kila juma mmoja wetu. Tulichambua naye mchele. Tuliteka naye maji. Mara nyingi hatukuzungumza lolote la maana. Yule APS alikuwa ametuonya: msimkamue alie, msimlazimishe asimulie. Kaeni, mfanye kazi ya mikono pamoja, mrudi tena.

Yeye mwenyewe alikubali kwenda kumwona APS, kisha akaingia katika kikundi kidogo cha wamama. Kule, siku moja, alilitamka neno ambalo hakuwa amelisema popote: "Mimi ndiye niliyemtuma sokoni. Yeye hakutaka kwenda."

Hilo ndilo lililokuwa chini ya ganzi yote. Wamama wenzake hawakumwambia anyamaze, wala hawakumwambia yote ni mapenzi ya Mungu. Walimuuliza maswali. Je, siku nyingine za soko ulikuwa ukimtuma? Ndiyo, kila juma. Je, asubuhi ile ulijua mto utashuka? Hapana. Nani mwingine aliyemtuma mtoto wake siku ile? Wazazi wa kijiji kizima. Polepole alianza kutofautisha kufiwa na kuua.

Tulidhani kitu cha kwanza kurudi kitakuwa furaha, au machozi. Kilikuwa hasira. Siku moja ya posho alikuja kikundini, katibu akamtoza faini ya franka 500 kwa kuchelewa. Akafoka! Yeye ambaye hakuwahi kupandisha sauti. Akasema tulimlaza kwenye sifa kama maiti kwenye sanda, na leo tunamdai 500. Tulishtuka, wengine wakasema sasa ameharibika. APS aliposikia, alisema, "Shukuruni." Akatukumbusha ule mguu. Unapoamka hauanzi na raha, unaanza na kuchomachoma kama sindano. Mtu anayetoka kwenye ganzi anaweza kuwa mkali, anaweza kulia kwa jambo dogo, anaweza kuogopa usiku. Watu wa nyumbani wasipolijua hili, watasema alikuwa afadhali zamani, nao watamrudisha kule kule.

Kulikuwa na jambo jingine. Mtoto hakupatikana, kwa hiyo hakukuwa na kaburi. Matanga yalikuwa ya shangazi, ya binti yalibaki nusu. Wenye watu waliopotea kwenye maji, kwenye vita, njiani, wanalijua hili. Kulia kunamaanisha kukubali, na kutokulia ni kungoja. Basi siku moja, yeye na jamaa yake wakataka, tulikaa uani kwao. Hatukusema amezikwa. Tulitaja jina la mtoto, na kila mmoja akasema kitu anachokumbuka juu yake. Mdogo wake akasema, "Alikuwa ananiibia maganda ya sukari miwa." Watu wakacheka. Na katika kicheko kile mama yake alilia, kwa mara ya kwanza, karibu miaka miwili baada ya ile mvua.

Kukaa pamoja ni dawa iliyopimwa

Msidhani tunasema haya kwa kupenda vikundi tu. Mwaka 2013 watafiti, kati yao Judith Bass wa Marekani, walichapisha matokeo ya kazi iliyofanywa huku mashariki ya nchi yetu, katika vijiji 15, pamoja na wanawake 405 waliotendwa au walioshuhudia ubakaji, nao wakiwa na mateso makubwa ya moyo. Katika vijiji vingine wanawake walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Katika vingine walikutana vikundi vya wamama sita hadi wanane, wakajifunza kuchunguza mawazo yao, hasa lile la kusema "kosa ni langu". Wote walipata nafuu. Lakini miezi sita baadaye, kwa wale wa vikundi, wenye dalili za ugonjwa wa huzuni na wasiwasi walikuwa 9 tu katika kila 100. Kwa wale wengine walikuwa 42 katika kila 100.

Na walioongoza vikundi hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake Wakongomani waliosoma miaka kadhaa baada ya shule ya msingi, wakafundishwa kazi hiyo, wakasimamiwa vizuri. Kupona kunawezekana huku kwetu, kwa mikono yetu.

Mambo madogo ya kuanza nayo

Kama umejitambua katika barua hii, usijilazimishe kusikia furaha. Hisia haziamriwi. Anza na mwili, kwa sababu mwili uko karibu.

Asubuhi, unapoosha uso, acha maji ya baridi yakae mikononi kidogo, ujiambie: haya ni maji, ni baridi, mimi niko hapa. Unapokoroga bugali, sikia uzito wa mwiko. Unapotembea, hesabu hatua kumi ukisikia mguu unavyokanyaga. Inaonekana ni mchezo. Ni kuufundisha mwili kwamba leo si siku ile.

Kula kwa saa yake hata bila hamu. Lala unapoweza. Punguza pombe. Usiache kukutana na watu, hata kama unakaa tu pembeni.

Chagua mtu mmoja, siyo kumi, umwambie sentensi moja: "Siku hizi sisikii kitu moyoni." Inatosha kwa siku ya kwanza. Mficha uchi hazai.

Na wewe unayeambiwa sentensi hiyo, usijibu haraka. Usiseme "shukuru uko hai", wala "fulani alipata zaidi yako", wala "wewe ni wa nguvu, utaweza". Sema hivi: "Asante kwa kuniambia. Tangu lini?" Halafu nyamaza, usikilize. Na usipeleke neno lake kwenye bomba la maji.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Nenda kama yamepita majuma mawili huna hamu ya kitu chochote na kazi za kila siku zinakushinda. Nenda kama umepita mwezi tangu tukio la kutisha na bado umeganda, au unarudia kuliona tukio hilo mchana na usiku. Nenda kama umezaa na humsikii mtoto wako. Muulize reko wa mtaa wako, anajua APS na nyumba ya usikilizaji iliyo karibu. Ukifika, usiseme tu kichwa kinauma, maana watakupa dawa ya kichwa. Sema: "Moyo wangu hausikii kitu, tangu wakati fulani."

Nenda siku hiyo hiyo, bila kungoja kesho, kama unawaza kufa au unawaza kumdhuru mtoto. Usiende peke yako, na mama mwenye mawazo hayo asiachwe peke yake. Na aliyebakwa afike kabla ya masaa 72 kupita, kwa sababu ya dawa za kuzuia maambukizi. Zikipita, bado aende. Huko Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inatibu mwili na kutunza moyo pamoja, kwa sababu walijifunza kwamba kimoja hakiponi kikamilifu bila kingine.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni mama gani tunayemsifu kila siku kuwa ni wa nguvu? Mara ya mwisho tulimuuliza lini anaendeleaje, tukangoja jibu?

2. Kwenye matanga, tunasema nini juu ya asiyelia? Tutasema nini kuanzia sasa?

3. Kuna nani kati yetu mwenye mtu aliyepotea, asiye na kaburi? Tunaweza kukaa naye namna gani?

4. Watoto wa mama aliyechoka moyo, nani atawashika siku mbili kwa juma?

Mwenzetu bado ni mtunza sanduku letu. Safari hii hatukumchagua kwa kutotikisika, tulimchagua kwa sababu anajua hesabu. Alilipa ile faini ya franka 500, lakini baada ya kubishana, na tuliandika mabishano hayo katika daftari. Kuna siku ganzi inamrudia, hasa mvua ikinyesha mchana. Siku hizo anatuambia, "Leo siko," na mmoja wetu anakwenda kukaa naye mpaka mvua ipite.

Yule mtoto mdogo, mkono wake umepona, umebaki alama ndogo. Mama yake anasema sasa akiiona ile alama, inamuuma. Anasema hivyo akitabasamu.

Tutakutana juma lijalo. Kaeni kwa amani, na mkae pamoja.